Kutafsiri hati ya ardhi ya Kenya kwa Kijerumani

Dada, pokea kwanza pole zangu kwa msiba. Kuhusu hati ya shamba ambayo mahakama ya mirathi hapa Ujerumani inataka iwasilishwe ikiwa imetafsiriwa, mtafute mfasiri aliyeapishwa, lakini kaa naye muipitie pamoja, kwa sababu mtu anaweza kuwa hodari wa lugha zote mbili na bado asiijue sheria ya ardhi ya Kenya.

Anzeni na sehemu inayowataja wenye ardhi. Ikiwa wewe na marehemu mliandikishwa kama “joint tenants”, basi kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 fungu lake linakuwa lako tangu alipofariki, wala haliingii katika mirathi. Mkiwa “tenants in common”, fungu lake ni la warithi wake. Sheria ya Ujerumani haina umiliki wa namna hiyo ya kwanza, na mfasiri akiandika “Miteigentum” (umiliki wa pamoja) bila maelezo, hakimu ataelewa ule wa pili, nawe utajikuta ukigawana na wengine kilicho chako. Nakusihi usikubali hilo. Maneno ya Kiingereza yabaki kama yalivyo, na mfasiri aeleze katika tanbihi kwamba aliyebaki hai ndiye anayechukua fungu la aliyetangulia.

Kama ardhi ni ya “leasehold”, yaani ya kumilikiwa kwa muda uliowekwa, asiandike “Mietvertrag” (mkataba wa kupanga), maana mtaonekana mlikuwa wapangaji tu. “Erbbaurecht” inakaribia zaidi, ingawa hiyo ni haki ya kuwa na jengo juu ya ardhi ya mwingine, ilhali hati ya Kenya humpa mtu ardhi yenyewe kwa muda uliowekwa. Hapo pia tanbihi inahitajika.

Ukubwa nao uangaliwe. Shamba la eka tatu huandikwa hekta 1.214, lakini Wajerumani hutumia nukta kutenganisha maelfu, kwa hiyo nukta hiyo isipogeuzwa kuwa mkato, shamba lenu litasomeka kuwa la hekta zaidi ya elfu moja.

Jambo jingine ni kwamba hapa mwenye nyumba hathibitishi umiliki kwa hati aliyoiweka kabatini, bali kwa Grundbuch, yaani daftari la ardhi linalotunzwa na mahakama. Kwa sababu hiyo, mwombe ndugu aliyeko nyumbani afanye “official search”, yaani aombe taarifa rasmi ya nani ameandikishwa kuwa mwenye ardhi, katika masjala ya ardhi, na cheti atakachopewa kitafsiriwe pamoja na hati.