Kutafiti ndege wa msituni: nyavu, vituo au vinasa sauti?

Tetere: Wakuu, swali la utafiti wangu wa uzamili: ukataji wa magogo unawabadilishaje ndege wa msitu wa mvua? Msimu ni mmoja, watu wawili. Nitumie nyavu za kunasa ndege, nihesabu kwa vituo (kusimama mahali pamoja na kuandika kila ndege ninayemwona au kumsikia), au nitundike vinasa sauti?

Hondohondo: Vituo. Nyavu zitakudanganya. Wavu wa kawaida una urefu wa mita 12 na kimo cha mita 2.5 hivi, hivyo hunasa wanaopita chini tu. Miti mikubwa ikiondolewa, ndege wa juu hushuka vichakani na kuanza kunaswa. Utaandika kwamba wameongezeka, kumbe ni wale wale, wamehama ghorofa tu.

Achanisha vituo kwa mita 200 au zaidi, dakika 10 kila kimoja, kuanzia alfajiri hadi kama saa tatu asubuhi. Umbali pima kwa kipimo cha leza hadi kwenye mti alipo ndege. Ukikisia, hesabu yote ya msongamano, yaani ndege wangapi kwa eneo, inaharibika. Tena kila spishi inataka ipatikane kama mara 80 ndipo hesabu isimame. Spishi adimu hazifiki huko, na tropiki adimu ndizo nyingi. Hizo zichanganye na zinazofanana nazo kwa sauti na tabia.

Chozi: Umeruka jambo moja, mkuu. Msituni wengi husikika bila kuonekana, na asiyejua sauti atajaza fomu kwa kubahatisha. Kinasa sauti kinampa nafasi ya kurudia. Kwa ubora wa kurekodi wa kilohezi 48, biti 16, chaneli moja, saa moja ni kama MB 345; rekodi dakika moja katika kila kumi, kadi itadumu.

Maikrofoni ielekee chini kidogo maji yasituame, weka ndani vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, kata majani yanayogusa kasha. Angalia saa ya kifaa: baadhi huisahau betri zikitolewa, na faili zote zinapata muda wa uongo. Programu ya BirdNET, inayotambua ndege kwa sauti, inasaidia, ila alama yake ya uhakika si asilimia ya usahihi. Kwa kila spishi sikiliza mwenyewe sampuli ya vipande, ndipo uchague kiwango cha kukubali.

Hondohondo: Na umbali? Kinasa kimoja hakikuambii ndege yuko mita 15 au 90.

Kozi: Msizizike nyavu. Hali ya mwili, kubadilisha manyoya, vimelea, uhai wa mwaka hadi mwaka: hayo hayapatikani bila ndege mkononi. Ila uhai unataka miaka kadhaa ya kunasa na kunasa tena, si msimu mmoja. Tena unahitaji kibali na mafunzo kabla ya kugusa wavu. Kagua kila dakika 20 hadi 30, funga mvua ikianza au jua likiwaka juu ya wavu, na mfuko wa chini wa wavu, anamoangukia ndege, usiguse ardhi, siafu humaliza ndege haraka.

Tetere: Basi vituo na vinasa kwa pamoja?

Hondohondo: Ndiyo. Washa kinasa kituoni dakika zile zile 10 unazohesabu. Umbali unaandika wewe, sauti yenye utata mnaisikiliza upya jioni. Ila mbadilishane vituo: mmoja asihesabu msitu usiokatwa peke yake na mwenzake uliokatwa, maana mtakuwa mnalinganisha masikio.