Ubia wa mdomo, LLC au kampuni ya hisa: ipi iwafae wawili wa kazi ya usafi Ohio?

Mtepe614
Wadau, salaam. Watu wawili, wote wakazi wa kudumu wa Marekani, wanataka kuanza usafi wa maofisi Columbus, Ohio. Mtaji dola 6,000, bado hawana mfanyakazi. Njia zilizopo: kuanza hivi hivi bila kusajili, LLC (kampuni ambayo kwa kawaida deni lake haliwafikii wamiliki) ya Ohio, LLC ya Wyoming au Delaware, au kampuni ya hisa. Naomba tulinganishe kwa hesabu.

BiKanuni
Hilo la "hivi hivi" ndilo baya kuliko yote. Kwa sheria za kule, wawili wakifanya biashara pamoja na kugawana faida wameshakuwa wabia, hata kama hawajaandikiana neno. Na kila mbia anadaiwa deni lote, si nusu. Mmoja akikopa mashine ya kung'arishia sakafu kwa ajili ya kazi kisha akatoweka, aliyebaki anaweza kufuatwa hadi kwenye akiba yake ya nyumbani. Liondoeni leo.

Hesabu_Safi
LLC ya Ohio: fomu 610 kwa Katibu wa Jimbo, dola 99, basi. Hakuna ripoti ya kila mwaka. Lazima awepo wakala wa kupokea hati za mahakama mwenye anwani Ohio; mmoja wenu anatosha. Namba ya kodi ya kampuni, EIN, mamlaka ya kodi ya Marekani (IRS) wanaitoa bure, msimlipe mtu.

Wyoming ni dola 100 kusajili, angalau 60 kila mwaka, na wakala wa huko. Halafu kwa kuwa kazi inafanyika Ohio, mnajisajili tena Ohio kama kampuni ya nje, dola 99 zilezile. Delaware ni kodi ya dola 300 kila mwaka. Sifa yake kubwa ni mahakama ya Chancery, ambako majaji waliobobea huamua kesi za kampuni bila jury, yaani baraza la raia. Hiyo inawafaa wanaotafuta wawekezaji wakubwa.

Mtepe614
Na kampuni ya hisa, au ile hadhi ya S?

Hesabu_Safi
Kampuni ya hisa ya kawaida inalipa asilimia 21 kwa serikali kuu, kisha gawio linatozwa tena kwa mwanahisa. Kwenu haina faida.

Hadhi ya S, yaani kuchagua faida itozwe kodi kwa wamiliki na si kwa kampuni, hata LLC inaweza kuiomba. Chukua faida ya dola 60,000 kwa kila mmoja. Kwenye LLC ya kawaida, kodi ya kujiajiri ni 60,000 × 0.9235 × 15.3%, takriban dola 8,478. Mkiwa na hadhi ya S na mshahara wa 40,000, asilimia hiyo inakatwa kwenye mshahara tu, ni 6,120. Ila mshahara lazima ulingane na kazi, na kuna gharama ya kuendesha malipo ya mishahara. Faida ikiwa chini ya 30,000 kila mmoja, mimi nisingejisumbua. Fomu ni 2553, ndani ya miezi 2 na siku 15 tangu mwaka wa kodi uanze. Angalizo: mkimwingiza ndugu anayeishi Mombasa, asiye raia wala mkazi wa Marekani, kuwa mmiliki, hadhi inafutika siku hiyohiyo.

Pwani_Columbus
Naomba kupinga kidogo. Mnaizungumza LLC kama ngao kamili. Aliyemwaga maji sakafuni mwenyewe na mtu akateleza, anashtakiwa yeye binafsi, LLC au hakuna LLC. Bima ya dhima, ile ya madhara kwa watu wengine, itangulie mkataba wa kwanza. Na mwenye jengo akidai dhamana binafsi kwenye pango, ngao imetoka hapo.

BiKanuni
Kweli kabisa. Nyongeza ni uaminifu wa fedha: akaunti ya kampuni isilipe karo wala chakula cha nyumbani, maana jaji akiona mfuko ni mmoja anaweza kuwafikia wenyewe. Kwenye mkataba andikeni jina la kampuni juu, sahihi chini yake, kisha "mwanachama", ndivyo mmiliki wa LLC anavyoitwa. Sahihi tupu inaweza kusomwa kuwa ni yako binafsi.

Na mkiwa nusu kwa nusu, andikeni mapema nani anaamua mkikwama, na hisa ya anayefariki inanunuliwa kwa bei gani.