Kikokotoo cha pensheni cha 40%: vyama vimetupigania au tumeuziwa mbuzi kwenye gunia?

Mtu wa Fomula: Bajeti ya Juni 2024 ilipopandisha mkupuo (fedha unazopewa mara moja ukistaafu) kutoka 33% hadi 40% kwa waliokuwa PSPF na LAPF, mifuko ya zamani ya pensheni ya watumishi wa umma, vyama vilishangilia. Tupige hesabu. Wastani wa mshahara 1,000,000, miezi 360 ya kuchangia. Zamani, kabla ya Julai 2022: 360 × 12,000,000 ÷ 540 = 8,000,000 kwa mwaka. Nusu yake mara 15.5, unaondoka na milioni 62, kisha nusu iliyobaki inakupa 333,333 kila mwezi. Sasa unagawa kwa 580, inabaki 7,448,276. Chukua 40% mara 12.5: milioni 37.2, na kila mwezi 372,414. Umeongezewa elfu 39 kwa mwezi, umenyimwa milioni 24.8 mkononi. Elfu 39 zifidie pengo hilo? Uishi karibu miaka 53 baada ya kustaafu. Na hata wakirudisha 50% kesho, bila kugusa 580 na 12.5 utaishia milioni 46.6. Sasa TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, walipigania asilimia kwa nini, wakaacha namba zenyewe? Au tatizo ni wanachama, wale walimu wa kupiga makofi Mei Mosi kwa fulana za bure?

Chaki Mkononi: Bure? CWT, chama cha walimu, inakata 2% ya mshahara. Kwa milioni yako hiyo ni 20,000 kwa mwezi, 240,000 kwa mwaka. Hiyo fulana ni ghali kuliko suti ya harusi. Heshimu walimu.

Mla Jasho: Acha fulana, kuna miaka kofia haikufika hata wilayani. Jitoeni tu, mnalia nini?

Karani Mstaarabu: Kujitoa hakuzuii makato, ndugu. Soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 72. Chama chenye wanachama wengi kikiwa na mkataba wa uwakala na mwajiri, asiye mwanachama naye anakatwa ada ya uwakala. Sheria inasema isizidi ada ya mwanachama, lakini haikatazi ilingane nayo.

Mla Jasho: Kwa hiyo nikatwe na fulana nisipewe? Wizi mtupu!

Bi Mkubwa wa Zamu: Mwalimu Chaki, mkuu wa fomula kauliza la 580, wewe umejibu la fulana.

Chaki Mkononi: Nimejibu nilipotukanwa, dada yangu.

Pensheni Yangu: Mimi nakumbuka Magufuli alikifuta hiki kikokotoo. Nani kakirudisha?

Karani Mstaarabu: Hakukifuta. Desemba 2018 alisitisha, zikatumika fomula za zamani kwa kipindi cha mpito hadi 2023. Kipya kikaanza Julai 2022 na 33%, kabla mpito haujaisha. Na wa mifuko mingine, NSSF na PPF, msisahaulike: wao walikuwa 25% tangu zamani, wakapanda 33%, sasa 35%. Kwao ni nafuu. Ndiyo maana TUCTA haikuwa na sauti moja, kila chama kina watu wake.

Mlinzi wa Mfuko: Na mfuko ungelipa kwa fedha gani? Watumishi wa kabla ya 1999 hawakuchangia PSPF, Serikali ikabeba deni la michango yao miaka yote mpaka ilipotoa hatifungani maalumu, yaani hati ya deni, ya trilioni 2.17. Hatifungani si noti. Ukirudisha 15.5, utawalipa wa mwaka huu na kuwakopa wa mwaka kesho.

Mtu wa Fomula: Deni la mwajiri analipaje mstaafu? Mimi nimekatwa 5%, mwajiri 15%, kila mwezi.

Mla Jasho: Na 2% ya fulana!

Bi Mkubwa wa Zamu: Naomba kuuliza la ulemavu. Muuguzi akiumia kazini anadai PSSSF, mfuko wetu wa pensheni, au WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi?

Karani Mstaarabu: Aliyeumia kazini, WCF. Hakatwi kitu, mwajiri ndiye anachangia 0.5% ya mishahara. Atoe taarifa kwa mwajiri kwa maandishi siku hiyohiyo, abaki na nakala, ndipo fomu ya daktari ijazwe. Ulemavu wa kudumu usiozidi 30% unalipwa mkupuo. Ukizidi, pensheni ya kila mwezi. Madai mengi hukwama kwa mwajiri aliyekalia fomu, au ajali ya safari ya kazi isiyo na ripoti ya polisi. Ugonjwa usiotokana na kazi ndio wa PSSSF, na hapo lazima bodi ya madaktari.

Bi Mkubwa wa Zamu: Ahsante kaka. Hili ndilo chama kingefundisha Mei Mosi.

Chaki Mkononi: Chama kinafundisha, nyie hamji mkutanoni.

Mla Jasho: Mkutano wa kugawa fulana?

Chaki Mkononi: Wewe hata si mwalimu, fulana inakuuma nini?

Karani Mstaarabu: Mla Jasho, kama unataka kutoka kweli: notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, kwa mwajiri na kwa chama, kifungu cha 61. Nakala yako ipigwe muhuri wa masjala. Wengi hupeleka kwa katibu wa chama peke yake, mwajiri anaendelea kukata. Kisha angalia hati ya mshahara: neno likibadilika kuwa uwakala na kiasi kikabaki kilekile, umehama jina tu.

Mla Jasho: Basi nabaki. Nataka fulana saizi kubwa.