Mliotibiwa saratani ya tezi dume, hofu ya ugonjwa kurudi mnaishi nayo vipi? Tupeane uzoefu

Mwalimu wa Tororo: Ndugu zangu, juzi tumemzika jirani, saratani yake ilirudi ikaingia kwenye mifupa. Tangu hapo sipati usingizi. Mimi nilipigwa mionzi na PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikashuka vizuri, ila mkojo bado unachoma na usiku naamka mara kwa mara. Kiuno kikiuma kidogo tu, nasema imerudi. Wenzangu mkoje?

Hajji Bombo: Tuko hivyo hivyo, mwalimu. Siku ya majibu chakula hakipiti.

Mama Zubeda, Arua: Mume wangu alitolewa tezi yote. PSA ilikaa karibu na sufuri muda mrefu, kisha ikapanda mpaka 0.3. Mzee akaficha karatasi chini ya godoro, nikaikuta nikitandika. Mgongo ukaanza, akasema ni jembe. Kliniki moja ikampa dawa za maumivu akarudi nyumbani. Asubuhi moja akashuka kitandani, miguu ikakataa. Akabaki ameshika neti, ananiita, mkojo umekatika hautoki. Tulimbeba kwenye blanketi hadi barabarani. Kumbe saratani imebana uti wa mgongo! Alipewa dawa ya kupunguza uvimbe, akapigwa mionzi. Leo anatembea na fimbo. Jamani, mgongo ukiuma na miguu ikalegea, msingoje kesho.

Boda Mbale: Pole sana mama. Mkojo ulirudi?

Mama Zubeda, Arua: Ulirudi, mpira wa kutolea mkojo ukatolewa.

Fundi Jinja: Mimi nakunywa mululuza, yale majani machungu, kila asubuhi. Hospitali sijarudi na niko imara.

Binti Kasese: Na PSA ulipima lini? Baba yangu alikunywa majani hayo hayo, tukamzika. Usipotoshe wazee wetu.

Fundi Jinja: Sijamkataza mtu hospitali. Nimesema yangu.

Hajji Bombo: Acheni ugomvi. Mimi 2016 nilikuwa katikati ya dozi mashine pekee ya mionzi hapa Uganda ilipoharibika. Tukauza ng'ombe, nikamalizia Nairobi. Mpya ilizinduliwa 2018. Mpaka leo najiuliza, hizo wiki nilizokaa bila mionzi ziliacha mbegu ya saratani?

Nesi Mstaafu: Hajji, hilo PSA ndiyo italijibu, pima kila unapopangiwa. Kwa aliyepigwa mionzi, huweza kupanda kidogo ikashuka yenyewe. Wasiwasi ni ikizidi kwa 2 kile kiwango cha chini kabisa ilichofikia baada ya mionzi. Aliyetolewa tezi, 0.2 iliyorudiwa kupimwa inatosha kumrudisha kwa daktari. Mwalimu, mkojo unaochoma upimwe kwanza. Maambukizi nayo hupandisha PSA, kwa hiyo tibu ndipo upime. Na damu kwenye choo, hata miaka baada ya mionzi, msiione aibu kuisema.

Afande Mstaafu: Kuvuja je? Mimi nabana misuli ile ya kuzuia mkojo, nahesabu, naachia, hata nikiwa kanisani hakuna anayejua. Pedi zimepungua. Na maji napunguza.

Boda Mbale: Maji usipunguze afande, kunywa mengi!

Nesi Mstaafu: Mchana kunyweni vizuri, jioni punguzeni. Chai ya usiku acheni.

Afande Mstaafu: Chai ndiyo ngumu.

Mwalimu wa Tororo: Jumatatu napima mkojo. Mama Zubeda, mgongo wa mzee ulikuwa unauma mchana au usiku?

Mama Zubeda, Arua: Usiku. Akilala chali ndiyo unazidi. Wako ukoje?