Je, Medicare hulipia usafishaji wa damu ndani ya meli ya kitalii?

BintiPangani (Houston)

Habari zenu ndugu. Mama yangu mzazi ana umri wa miaka 68, na huu ni mwaka wa tatu anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Wadogo zangu wamechanga fedha ili Desemba tumpeleke safari ya siku saba kwa meli ya kitalii, kutoka bandari ya Galveston hadi Cozumel, Meksiko, na kurudi. Amekulia kando ya bahari, na tangu augue hajapanda chombo chochote cha majini. Wakala wa safari ametueleza kwamba zipo safari maalumu zenye mashine na wauguzi wa figo ndani ya meli, ila nilipouliza habari ya malipo alijibu tu kwamba bima itashughulikia. Mama ana Medicare, yaani bima ya afya ya serikali ya Marekani, pamoja na bima ya nyongeza ya Medigap, mpango wa G. Naomba anayefahamu anieleze kama kweli watalipa.

MuuguziWaFigo

Mfikishie mama shikamoo yangu. Nafanya kazi katika kituo cha kusafisha damu, na swali hili naulizwa kila mwaka. Tafadhali msilitegemee neno la wakala.

Medicare huweza kulipia matibabu melini iwapo tu daktari anaruhusiwa kisheria kutibu humo, na meli iko katika bandari ya Marekani au haijafika mbali zaidi ya mwendo wa saa 6 kutoka bandari hiyo. Meli iendayo Cozumel huuvuka mpaka huo siku ile ile ya kuondoka. Mpango wa G nao una fungu la dharura za nje ya nchi: baada ya ninyi kulipa dola 250 za mwanzo, hulipa asilimia 80 ya gharama katika siku 60 za kwanza za safari, na ukomo wake ni dola 50,000 kwa maisha yote. Lakini kusafishwa damu kulikopangwa tangu nyumbani si dharura, kwa hiyo hesabuni kwamba mtajigharimia wenyewe.

Mzaramo_Dallas

Ndugu yetu muuguzi amesema kweli. Baba yangu alisafiri hivyo akiwa na bima ya mwajiri wake. Tulilipa kwanza, tukapeleka stakabadhi, tukakataliwa, tukakata rufaa, na baada ya miezi mitano tukarejeshewa nusu tu. Mwenye bima ya namna hiyo asitoe hata senti kabla ya kupata idhini ya maandishi inayotaja meli, tarehe na kiasi kitakacholipwa.

BintiPangani

Nawashukuru sana. Je, tukichagua safari fupi ya siku nne, mama anaweza kuruka siku moja ya kusafishwa?

MuuguziWaFigo

Hapana, dada yangu, na naomba hili msilifikirie tena. Maji na potasiamu hujilimbikiza mwilini, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama ghafla. Hata mapumziko ya kawaida ya mwisho wa juma tunayaangalia kwa hofu.

Ipo njia nyingine ambayo ningemchagulia mama yangu mwenyewe. Puerto Rico ni eneo la Marekani, hivyo Medicare hufanya kazi huko kama ilivyo Houston: katika kituo kilichoidhinishwa hulipa asilimia 80, na mpango wa G huchukua ile 20 iliyobaki, mradi ninyi mmekwisha kulipa kile kiasi cha mwanzo ambacho Medicare hudai kila mwaka. Mwoneni mapema ofisa ustawi wa jamii wa kituo chenu, kwa sababu nafasi za Desemba hujaa upesi. Yeye ndiye atakayetuma maagizo ya daktari, majibu ya kipimo cha homa ya ini aina ya B, na uzito ambao mama anapaswa kuwa nao baada ya kusafishwa.

BintiPangani

Nimemsomea mama majibu yenu yote. Ameuliza jambo moja tu: kama huko San Juan, mji mkuu wa Puerto Rico, kuna chombo cha kupanda siku asiyosafishwa.

Mzaramo_Dallas

Kipo. Kivuko huvuka ghuba kutoka San Juan hadi Cataño na kurudi, na safari yenyewe ni ya dakika chache tu.

BintiPangani

Amesema twende. Jumatatu nitampigia ofisa wa kituo.