Mahindi ya Bt Uganda: tuyaruhusu au tuendelee na majivu?

Mkulima_Masindi: Ndugu zangu, viwavijeshi wamenimalizia tena ekari mbili. Bunge letu lilipitisha sheria ya mbegu hizi za Bt, zilizotiwa jeni ya bakteria ili mmea wenyewe uue viwavi, Rais akakataa kutia sahihi, nadhani 2018. Tutabaki kuwamwagia viwavi majivu hadi lini?

Binti_Arua: Kitu kinachotoboa utumbo wa kiwavi kitauacha wa mwanangu? Asanteni, majivu yananitosha.

Fundi_Maabara: Dada, tumboni mwa kiwavi ni kama maji ya magadi, pH 9 na kupanda. Humo ndimo protini ya bakteria wa Bt inapoyeyuka, halafu vimeng'enya vya kiwavi mwenyewe vinaikata. Kile kipande kilichokatwa ndicho kinachonata kwenye ukuta wa utumbo na kuutoboa. Anajimaliza kwa mate yake, tuseme. Wewe tumbo lako ni asidi. Kula posho yako ulale.

Pwani_Asilia: Posho?? Posho ni hela ya kikao. Chakula kinaitwa UGALI. Waganda nani huwafundisha Kiswahili?

Binti_Arua: Wewe nawe umetokea wapi? West Nile tunakisema tangu babu zetu wako KAR, jeshi la Mwingereza. Posho ni mgawo wa chakula wa askari, hela za vikao zimekuja juzi. Kamuulize babu yako.

Mzee_Busia: Mkulima, Rais alikataa Desemba 2017. Wabunge wakapitisha tena 2018, akaurudisha muswada tena 2019. Na Fundi umerukia magadi mno: yako mahindi ambayo protini yake imeshafupishwa humo humo kwenye mmea. Kinachotukinga zaidi ni kwamba utumbo wetu hauna mahali pa kunatia. Mimi naogopa la Puerto Rico. Huko viwavijeshi hawa hawa waliizoea Cry1F, mojawapo ya protini za Bt, ikawa haiwaui tena. Hapa kwetu, mwenye nusu ekari atakubali kuwaachia viwavi kipande cha mahindi ya kawaida ili wasizoee?

Pwani_Asilia: Mzee, ni muswada au mswada?

Fundi_Maabara: Mswada ni wa kitabu, wa Bunge ni muswada.

Pwani_Asilia: Nairobi wote wanasema mswada.

Binti_Arua: Leo Nairobi ndiyo Pwani? 😂

Mkulima_Masindi: Jamani. Viwavi wanakula mnapocheka.

Binti_Arua: Kaka, changanya majivu na mchanga laini, utie pale katikati majani yanapochipuka, kabla hawajazama ndani. Wakishazama, ni kuwatoa kwa vidole.