Tupeane uzoefu: maradhi ya utumbo mpana, ulijuaje na ulitibiwaje?

Mleta mada, Malindi

Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Huku kwetu mtu akiumwa kichwa humwambia hata jirani, lakini akitoka damu haja kubwa hunyamaza mpaka amekonda. Tuiondoe haya hiyo hapa. Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu, na kazi yake ni kufyonza maji na kukusanya choo. Ukiugua, maradhi yake ni mengi na dalili zake ni chache: kuhara, kufunga choo, damu, kamasi, tumbo kujaa upepo, msokoto. Ndiyo maana kubahatisha kunaua watu.

Naanza na kaka yangu, fundi uashi. Alianza kuchoka na kuhema akipanda ngazi. Akapewa vidonge vya kuongeza damu. Ikapanda, ikashuka tena. Chooni hakuwahi kuona damu. Mpaka daktari mmoja akauliza: mwanamume mzima, hedhi hana, damu inakwenda wapi? Akampeleka Mombasa akapimwe kwa kamera, ule mpira mwembamba unaopitishwa njia ya haja kubwa. Kukakutwa uvimbe upande wa kulia wa utumbo, ambako choo bado ni majimaji na damu huvuja kidogo kidogo isionekane kwa macho. Ilikuwa saratani. Alikatwa kipande cha utumbo, akapigwa kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, na leo yuko kazini.

Daktari akatuita ndugu wote. Aliyezaliwa naye tumbo moja apimwe akifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua kaka, utakaotangulia. Saratani nyingi za huko huanza kwa kinyama kidogo kisichouma, kikakaa miaka mingi kabla ya kugeuka. Kikikutwa mapema hukatwa kwa kamera hiyohiyo.

Mama wa Langoni, Lamu

Mwanangu alihara damu na kamasi, anajikamua na hakitoki kitu. Jirani akaniletea vidonge vya kufunga tumbo, nikavikataa. Kuhara damu hakufungwi kwa nguvu. Hospitali walitaka choo kingali na joto, kwa kuwa amiba, kijidudu kinacholeta kuhara damu, akipoa hufa na hawamwoni tena akitembea. Walimwona. Akapewa metronidazo, kisha dawa ya pili ya kumaliza vijifuko vya amiba vinavyobaki utumboni. Hii ya pili wengi huiacha kwa kuwa kuhara kumekwisha, na maradhi hurudi. Pia maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, na vidonge vya zinki. Sasa maji ya kisima twayachemsha.

Muuguzi mstaafu, Malindi

Umefanya vyema, mwanangu. Niongeze hili: watoto wengi wanaohara damu si amiba, ni bakteria aitwaye shigela, na metronidazo haimwezi. Anataka antibiotiki nyingine. Basi msiazimane vidonge, hata kama dalili zafanana.

Mvuvi wa Faza

Baba yangu alikuwa na mazoea ya kufunga choo, na dawa yake ni sanamaki. Siku hiyo tumbo likavimba kama ngoma, choo hakitoki, na upepo hautoki. Ami akasema achemshiwe sanamaki kali zaidi. Mama akakataa katakata, akasema upepo usipotoka hapo si pa dawa ya kuharisha. Tukamtia mashuani, tukangoja maji yajae ndipo tupite Mkanda, mlango mwembamba wa bahari wa kwendea Lamu, naye analia njia nzima. Picha ilionyesha utumbo umejisokota upande wa chini kushoto. Walipitisha mpira kwa njia ya haja kubwa, upepo ukatoka, akapata nafuu papo hapo. Lakini madaktari wakasema utajisokota tena, akapasuliwa sehemu ile ikaondolewa. Utumbo uliojisokota hukosa damu ukafa, na ukishakufa mgonjwa yumo hatarini. Jamani, tumbo likivimba na upepo usitoke, msilale nalo.

Bi wa Shela

Mimi ni bawasiri, tangu uzazi wa mwisho. Damu nyekundu nyangavu, matone baada ya choo, bila maumivu. Daktari aliangalia kwanza ndani ndipo akasema ni bawasiri. Nilipona kwa maji mengi, mbaazi, mapapai, kukalia maji ya uvuguvugu na kuacha kujikamua.

Muuguzi mstaafu, Malindi

Na aliangalia vizuri, bi. Bawasiri haimzuii mtu kuwa na saratani juu yake. Damu iliyochanganyika na choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu: hayo yapimwe hata kama bawasiri mnaijua.

Kijana wa Mokowe

Dada mleta mada, hiyo kamera inauma? Baba ameandikiwa, anaogopa.

Mleta mada, Malindi

Kaka alisema kazi kubwa ni siku ya kabla yake. Unakunywa vitu vya majimaji tu na dawa ya kusafisha utumbo, unashinda chooni mpaka yanatoka maji meupe. Usipokunywa yote hawaoni kitu na utarudia. Wakati wa kipimo walimchoma dawa ya usingizi mwepesi, akaamka kimekwisha, tumbo limejaa upepo kidogo. Mwambie baba awatajie madaktari dawa zote anazotumia, hasa za kisukari na za kuyeyusha damu, kabla ya siku hiyo. Na ufuatane naye, asirudi peke yake kwa bodaboda.